Pimbi Walioacha Sikukuu Juu ya Jabali

Hadithi yangu inabisha hodi!
*Mfungulieni aingie!*
Imekuja na pimbi na nungunungu!
*Wote wapate pa kukaa!*

Hapo kale, pimbi walisali juu ya jabali, wakilitazama jua likichomoza. Nungunungu walisali chini ya jabali hilohilo, pangoni, wakitikisa miiba: cha, cha, cha. Walisalimiana njiani, wakapishana, basi. Hakuna aliyewahi kukanyaga pahali pa ibada pa mwenzake.

Ikafika sikukuu ya pimbi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na asubuhi ile udongo ukaporomoka, ukaziba mlango wa pango. Bi Kidawa, pimbi aliyeongoza nyimbo, akasikia kilio kikitoka chini.

Akaimba ubeti wa kwanza. Kilio. Akamtazama Mzee Fumo, mkuu wa ibada.

"Imba, mwanangu. Wale wana ibada yao."

Akaimba ubeti wa pili. Kilio.

"Imba, mwanangu. Leo ni sikukuu."

Ubeti wa tatu haukutoka.

"Nisamehe, baba. Koo limekataa."

Akateremka mbio, mbio, mbio. Akamkuta Mama Nyange, nungunungu, akifukua mpaka kucha zinatoka damu. Baba yake mzazi walikwisha kumtoa, maiti. Mwanawe Nyange bado yumo ndani, sauti yake ikisikika kwa mbali. Palikuwa na ufa, lakini kila nungunungu mkubwa aliyejaribu kupenya alikwama miiba.

"Pole, dada yangu," alisema Bi Kidawa. "Mimi naenea. Naomba ruhusa niingie."

"Humo ndimo tunamosali. Na wewe si wa ibada yetu."

"Najua. Ndiyo maana naomba."

Mama Nyange akampisha.

Akatambaa gizani, mawe yakimchuna mgongo, mpaka akagusa kijikono cha baridi.

"Nani wewe?"

"Jirani wa juu."

"Unaogopa?"

"Sana, mwanangu. Nishike."

Miiba ya Nyange ilikuwa bado laini, ufa haukumzuia. Bi Kidawa akaanza kumvuta. Mara kifusi kikashuka, ufa ukaziba. Bi Kidawa akamkumbatia mtoto. Moyoni akasema, ndio mwisho wetu.

Ndipo akasikia: kwaru! kwaru! kwaru! Pimbi wote walikuwa wameshuka jabalini, wanafukua bega kwa bega na nungunungu. Na wa mbele kabisa, kanzu ya sikukuu imejaa matope, alikuwa Mzee Fumo.

Wakatoka wote wawili, hai.

Mzee Fumo akamwinamia Mama Nyange. "Binti yangu, nilisikia kilio chako nikaamuru waimbe. Nisamehe. Sasa nifundishe, kwenu mfiwa hupewa pole vipi?"

"Tunakaa naye tu, baba. Kimya."

Wakakaa. Chakula cha sikukuu kikaletwa matangani, kikaliwa na wote. Siku ya tatu wakaagana. Pimbi wakapanda kusali kwao, nungunungu wakabaki kusali kwao.

Wasikilizaji wangu, mwenye msiba haulizwi anasali wapi. Anaulizwa tukae upande gani.

Hadithi imeshiba, inaaga. Nami nilikuwepo matangani, nikakalia mwiba. Msishangae kuniona nasimulia nimesimama!