Jumanne ya Rukwana

Mji wa Kafuri ulikuwa na kuta tatu na malango saba, na mwenye kuutawala alikuwa Sultani Jahidi bin Muradi, mtu wa haki akishiba na mkali akiwa na njaa, na raia zake walizijua saa za kumpelekea mashauri. Na katika jumba lake mlikuwa na karakana ya wadarizi, wanawake arobaini wenye kudarizi makanzu na majoho, na mkuu wao kwa miaka ishirini alikuwa Bi Mastura, mwanamke mwenye vidole laini kama vya mtoto mchanga; na mwenye macho angejiuliza, mdarizi gani huyu wa miaka ishirini asiye hata na kovu moja la sindano?

Siri yake ilikuwa pete. Aliirithi kwa shangazi yake, na ndani yake mlifungwa jinni aitwaye Shamhurani, ruhani mcha Mungu, tangu zama za Nabii Suleimani. Na kila Bi Mastura alipoisugua, jinni alitoka akashona kazi ya wiki nzima kabla kahawa haijapoa. Sharti lilikuwa moja, kwamba zikiingia saa za sala aachwe akasali, na Bi Mastura alimwacha, si kwa wema, bali kwa kuwa alitaka kazi yake.

Siku moja akaandikwa kazi binti aitwaye Rukwana, mtu wa Milima ya Nuhasi, ambako watu humwabudu Mungu Mmoja kwa desturi yao wenyewe, huvaa uzi mweupe shingoni, na Jumanne, tangu jua kuchomoza hata kuzama, hawagusi chuma. Na sindano ni chuma. Hayo aliyasema tangu siku ya kwanza mbele ya Haidari, karani wa jumba, naye akayaandika. Basi kila Jumanne Rukwana alifagia, akakunja vitambaa, akapanga nyuzi kwa rangi zake, na Jumatano akashona kazi ya siku mbili, na hapakuwa na mtu wa kulalamika.

Hata siku Sultani alipoletewa joho jipya akapitisha kidole kwenye shingo ya joho, akauliza, "Nani kadarizi hapa?"

"Rukwana, bwana wangu," akajibiwa.

"Majoho mengine yananipendeza nikiyaona. Hili linanipendeza hata nikifumba macho." Akaenda zake kula.

Maneno yenyewe machache, na yakamkwama Bi Mastura kooni kama mwiba wa samaki. Alirudi nyumbani akasugua pete. "Nishonee kama yule msichana."

Jinni akashona shingo kumi, zote sawasawa, na hata moja haikufanana na ile. "Bibi," akasema, "yeye hukosea kidogo akarekebisha, na uzuri wake umo mle. Mimi sijui kukosea."

"Miaka yote hiyo nakulea, hata kukosea hujui?"

Na mwenye wivu hasemi kwamba ana wivu. Husema anatetea sheria. Bi Mastura akafukua sheria ya kale ya jumba, isemayo kwamba alaye mkate wa jumba kila siku na afanye kazi kila siku, akapeleka mashtaka kwa Kadhi: Rukwana avue uzi wake na ashike sindano Jumanne kama wenziwe, au atoke mjini asirudi. Na Rukwana hakuwa na pa kutokea, kwani kule milimani ukame ulikwisha mla mbuzi wao wa mwisho, na mamake alikula kwa sindano ile.

Shauri likasikilizwa Jumatatu, na Idi ilikuwa Jumatano. Sultani akaketi, na waziri, na maamiri, wote katika kazi ya mikono ya Bi Mastura, kama watu walivyodhani. Isipokuwa karani Haidari, aliyevaa kanzu ya bei rahisi, ile ambayo Rukwana alijifunzia.

"Kesho kutwa ni Idi," akasema Bi Mastura, "na kesho huyu atakaa na ufagio. Kwani Mungu wake haogopi vumbi, anaogopa sindano?"

"Mungu haogopi kitu, Bi Mkubwa," akajibu Rukwana. "Aogopaye ni mimi."

"Basi shona kwa mwiba."

"Nilijaribu. Ulipasua hariri, nawe ukanikata posho."

Watu wakacheka, na Bi Mastura akageuka rangi. Kadhi akapekua kitabu chake, akasema, "Sheria hii imenipa njia moja tu. Ruhusa ya siku iko kwa mkuu wa karakana. Akiitoa imetoka, akiinyima imenyimwa. Bi Mastura, nenda ukale, ukirudi utupe neno lako."

Bi Mastura akaenda kwake, akawekewa wali, na kabla hajatia tonge mdomoni jinni akatoka bila kuitwa.

"Bibi, ahadi yangu na Nabii Suleimani ilikuwa na sehemu mbili: mimi nimtumikie mwenye pete, na mwenye pete asimzuie mja kumwabudu Mola wake. Haikutaja mja yupi. Mnyime msichana Jumanne yake, na pete itavunjika, na kila nilichokishona kitarudi kuwa uzi."

Bi Mastura akala tonge, akala la pili. "Nikimpa ruhusa, atabaki?"

"Atabaki."

"Na Sultani atamsifu tena?"

"Kwa kazi ile, lazima."

"Na nikimnyima, nitakosa mimi na atakosa yeye?"

"Mtakosa nyote wawili."

Bi Mastura akanawa mikono, akajitanda buibui lake, na akarudi barazani akitembea kama aendaye harusini, na mbele ya Sultani, na Kadhi, na umati wote, akasema, "Simpi."

Pete ikapasuka kwa mlio mdogo kama njugu. Kisha mkono wa kuume wa joho la Sultani ukaanguka mapajani mwake, na wa kushoto ukaufuata, na kilemba cha waziri kikashuka kama tambi, na maamiri wakajifunika matumbo kwa mikono, na nyuzi za dhahabu zikatapakaa sakafuni hata paka wa jumba akaja kuzichezea. Kanzu moja tu ilisimama, nayo ni ya karani.

"Mastura," akasema Sultani, akijifunika kwa zulia, "kumbe miaka ishirini nilivikwa na nani?"

Bi Mastura akakiri yote, maana vidole vyake vilikwisha kiri kabla yake. Sultani akaifuta sheria ile papo hapo, akaamuru kwamba katika Kafuri kazi isimvue mtu dini yake, na ukuu wa karakana, pete isiyovunjika, akampa Rukwana. Kisha akasema, "Sasa, binti yangu, kesho nishonee joho la Idi."

Rukwana akainama. "Bwana wangu, kesho ni Jumanne."

Sultani alikuwa hajala. Akamtazama msichana, akalitazama zulia alilojifunika, akayatazama maneno yake mwenyewe, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka mkononi mwa Haidari. "Karani," akasema, "vua kanzu."

Na siku ya Idi Sultani Jahidi akasalisha watu kwa kanzu ya karani, imembana tumboni, na hakuna aliyethubutu kucheka. Haidari akalipwa majoho saba na shamba, akamwoa Rukwana, siku ya Alhamisi, na mama wa Rukwana akaletwa mjini akala hata akawa mnene.

Bi Mastura hakufukuzwa. Rukwana alimrudisha karakana, akamfundisha kutunga uzi, na alipoandika siku za watu za ibada akamwuliza, "Nawe, Bi Mkubwa, ya kwako ni ipi?" Bi Mastura akahesabu Jumamosi hata Ijumaa, asiipate, kwani zote zilikuwa za kumtazama Rukwana.

Basi kila mja na siku yake kwa Mola wake. Ila mwenye wivu hana Jumanne.