Uzi Mchafu wa Mwalimu Ng'wandu

"Usikate uzi mchafu kabla hujajua umefunga nini." Mmeisikia leo kwa bibi yenu Nyamizi, alipowakuta mnaing'oa ile kamba kuukuu ya kibuyu chake, nanyi mkacheka. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na akicheka mtu tena nanyamaza.

Dada yangu Nyamizi nami tulisoma shule moja ya wasichana, upande wa Nzega. Mwalimu wa kemia alikuwa Mwalimu Ng'wandu, mkali kama pilipili kichaa. Chupa zake za dawa zilikuwa na vizibo vya kioo, na kila kizibo alikifunga kwa uzi kwenye shingo ya chupa yake. Kwa macho vilifanana, lakini kila kimoja kilikuwa kimesagwa pamoja na shingo yake mpaka vikashikana. Ukikihamishia chupa nyingine, ama kitalegea, ama kitanasa. Akipata kizibo kipya, alijaza chupa maji, akaipindua juu ya karatasi kavu na kungoja. Tone moja likidondoka, alikikataa.

Nyamizi alitaka kusomea upasuaji, na kwa alama zake hakuna aliyemcheka.

Basi ikasemwa wakaguzi wanakuja. Mkuu wetu wa shule, Bi Apaikunda, alipenda usafi wa kuonekana. Mimi nilikuwa nafuta meza alipoingia maabara na kuziona zile nyuzi, zimefubaa kwa dawa.

"Mwalimu, hapa ni maabara au kwa mganga?"

"Nyuzi nitazibadilisha, Mkuu. Ila kila kizibo kina chupa yake."

"Si vyote vya kioo?"

"Vya kioo, ndiyo. Lakini tukivichanganya, lazima nivipime upya kimoja kimoja."

"Wageni ni kesho. Utapima wakishaondoka."

Akachukua mkasi, akazikata mwenyewe. Vizibo vikaoshwa katika beseni moja, vikarudishwa popote vilipoelekea kuingia. Chupa ya amonia ilikuwa bado inanuka, basi mfagizi akakigandamiza kizibo kwa kiganja mpaka harufu ikakatika. Mkuu akafunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Kesho yake wageni walisifu mpaka wakachoka. Mmoja akataka aone mwanafunzi akifanya kazi. Mkuu akamwita Nyamizi, akamkabidhi ile amonia. Kizibo kikagoma.

"Acha, Nyamizi! Weka chini!" Mwalimu Ng'wandu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Vuta, mwanangu," alisema Mkuu, bado akitabasamu. "Usitutie aibu mbele ya wageni."

Na sisi tulilelewa kutii wakubwa. Akavuta. Shingo ya chupa ikavunjika, amonia ikamrukia usoni. Mwalimu alimbeba hadi bombani, akamwosha huku akilia mbele yetu sote. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilikufa.

Mnataka kujua nani aliadhibiwa? Mwalimu Ng'wandu. Walisema chupa zilikuwa chini yake, wakamhamishia mbali. Bi Apaikunda alipewa cheti cha usafi, baadaye akapanda cheo.

Hospitali Bi Apaikunda alikuja mara moja tu, na soda na biskuti. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Pole, mwanangu. Mimi niliona ni uchafu tu."

Nyamizi alikuwa amefungwa bendeji macho yote mawili. Hakulia, wala hakuinua sauti. Alimjibu, "Mkuu, usikate uzi mchafu kabla hujajua umefunga nini."

Wasichana wenzetu waliokuja kumwona wodini waliyapeleka maneno hayo shuleni, kutoka shuleni yakafika vijijini, na huko watu huyasema bila kujua yamemgharimu nani. Upasuaji hakuusomea. Ninyi mmezoea kumpelekea chai kwa upande wa kulia, wala hamkuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa nendeni mkaifunge ile kamba kama mlivyoikuta, mkamwombe radhi. Usikate uzi mchafu kabla hujajua umefunga nini.