Siku Moja Mara Mbili

Hapo zamani, zamani ambazo hata waliozijua wamekwisha kuzisahau, palikuwa na Sultani katika mji wa Kitangani, jina lake Mwinyi Chande. Alikuwa mwadilifu kiasi na mkali kiasi, lakini katika kupenda vitumbua hakuwa na kiasi hata kidogo. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliletewa sinia barazani, akala pamoja na wageni wake, na mambo ya nchi yakaamuliwa vinywa vikiwa vimejaa.

Basi ikawa mpishi wake wa miaka mingi amefariki, akaletwa mwingine, mjane aitwaye Bi Mize, mwanamke mpole mwenye makengeza. Tangu wiki ile alipoingia jikoni, unga wa vitumbua ukakataa kuumuka. Mchele ulikuwa ule ule, tui lile lile, na tembo la kuchachusha liligemwa katika mnazi ule ule, lakini vitumbua vikatoka bapa na vigumu. Mjumbe wa Sultani jirani akauma kimoja, akatoa jino lake kinywani, akaliweka pembeni ya sinia kwa adabu, akaendelea na mazungumzo ya mpaka.

Sultani akaona haya kubwa. Akamwita waziri wake, Makame, akamwuliza, "Waziri, unga wangu umepatwa na nini?"

"Maulana," akasema waziri, "kabla ya Bi Mize unga uliumuka. Alipokuja Bi Mize, haukuumuka. Na macho yake umeyaona. Yule ana jicho baya."

Sultani akaridhika, kwa kuwa jawabu lilikuwa fupi. Siku ya Jumatatu mbiu ikapigwa mji mzima: "Mwenye kuharibu unga wa Sultani, awe nani awaye, Ijumaa baada ya sala atatoka kwa lango la mashariki, miguu mitupu na chungu kichwani, wala hatarudi mpaka aliyedhulumiwa amsamehe."

Katika mji ule alikuwako fukara mmoja, Vuai, msuka mikeka ambaye mkeka wake mwenyewe ulikuwa na tundu. Alfajiri alizoea kupita mlango wa nyuma wa jikoni, naye Bi Mize akampa vitumbua vilivyoungua. Jumanne alfajiri alimkuta anafunga mzigo.

"Bi mkubwa, wafunga safari ya wapi?"

"Nafukuzwa, mwanangu. Nina miaka sitini, na nje ya mji huu simjui mtu. Wanasema jicho langu linaua unga." Akakaza kamba ya mzigo, akasema, "Jana nililetewa mjukuu wangu nimpakate. Nikafumba macho, Vuai. Nikampakata nimefumba macho, nisije nikamdhuru."

Vuai akashindwa kula. Kitu kile hakikupata kumtokea tangu kuzaliwa, nacho kilimuuma sana. Akaenda moja kwa moja barazani, akapiga magoti.

"Shikamoo, Maulana. Nimekuja kujisalimisha. Wiki ile aliyoingia Bi Mize jikoni, mimi niliokota kofia hii niliyovaa, na tangu siku hiyo unga wako haukuumuka tena. Nifukuzeni mimi."

Watu wakacheka. Sultani akasema, "Marahaba, ewe mpumbavu. Kofia na unga vina uhusiano gani?"

"Hilo ndilo nililotaka kumwuliza waziri juu ya jicho, Maulana."

Hapo kicheko kikakatika. Sultani akakunja uso. "Vuai, umezoea mzaha. Haya, niletee siku moja mara mbili. Siku ile ile, hewa ile ile, unga ule ule. Mara ya kwanza Bi Mize awemo, mara ya pili asiwemo. Nikiona hakuna tofauti, nitaamini. Usipoileta, Ijumaa mtatoka pamoja."

Waziri akatabasamu. Vuai akafikiri kidogo, akauliza, "Maulana aipenda siku gani?"

"Jumatano."

"Itakuwa tayari, mara mbili," akasema Vuai, akatoka.

Jumatano asubuhi Sultani na watu wake wakaitwa ghalani. Wakakuta vyungu kumi na viwili vya mfinyanzi mmoja, vimepangwa sakafuni. Unga ulikuwa umekorogwa katika karai moja kwa mkono mmoja, ukagawiwa sawasawa.

"Siku iko wapi?" akauliza Sultani.

"Hii hapa, Maulana. Nimeikata vipande viwili. Chumba ni kimoja, unga mmoja, jua moja. Katika vyungu sita Bi Mize atakuwamo kwa jicho lake lote. Katika sita hatakuwamo. Vingine vyote ni sawa."

"Mimi nitachagua vya kutazamwa," akasema waziri.

"La, bwana waziri. Wewe moyo wako umekwisha hukumu, na wangu pia, maana mimi nala vitumbua vya mama huyu. Tukiwaachia wenye kutaka, watapata wanachokitaka. Kadhi na apige kura."

Kadhi akapiga kura, vikatoka vyungu sita. Vuai akaviwekea alama ya makaa chini ya kitako. Bi Mize akavitazama kimoja kimoja, kila kimoja muda wa tasbihi nzima, huku machozi yakimtoka. Kisha vyote vikafunikwa kwa kawa, watu wote wakageuza nyuso, na waziri akavichanganya peke yake, hata ikawa hakuna ajuaye kipi ni kipi. Vuai akaomba ghala lifungwe mpaka alasiri, na ufunguo akaushika Sultani mwenyewe, kwa kuwa ndiye mtu wa kuaminiwa kuliko wote.

Alasiri wakafungua. Kadhi akapima kila chungu kwa kijiti. Vyungu vinane vilikuwa vimeumuka hata kuinua kawa, vinne vimelala. Wakaviinua, wakatazama vitako. Katika vile vinne, viwili vilikuwa na alama na viwili havina. Katika vile vinane, vinne vilikuwa na alama na vinne havina. Jicho la Bi Mize halikuongeza kitu wala kupunguza. Bi Mize akakaa chini pale pale, akalia kwa sauti.

"Lakini hivi vinne vimelala kwa nini?" akauliza Sultani.

"Sijui, Maulana."

Neno hilo halikupata kusikika mbele ya Sultani yule tangu alipotawazwa. Kadhi akajikohoza. Vuai akainama, akaona vyungu vile vinne vyote viko karibu na mlango, kawa zake zimekaa upande, na upawa wenye unga umelala sakafuni. Akautazama ufunguo, akaitazama na mikono ya joho la Sultani, ambayo ilikuwa na unga uliokauka. Waziri naye aliuona, akaanza kuyahesabu maboriti ya dari.

"Maulana," akasema Vuai, "nimepata kushuku. Lakini kushuku ndiko kulikomponza Bi Mize. Nipe na Alhamisi, niikate mara tatu."

Sultani akamvuta kando, akamnong'oneza, "Vuai, yule mpishi wa zamani nilimwamini. Huyu mpya sikumjua. Basi kila adhuhuri watu wakilala, huingia nikatazama kama unga unapanda. Hufunua, nikakoroga kidogo, nione povu."

"Mara ngapi, Maulana?"

"Tano." Akafikiri. "Siku ya wageni, tisa."

Siku ya Alhamisi Kadhi akapiga kura tena. Vyungu vinne Sultani akavifunua na kuvikoroga kama ilivyo desturi yake. Vinne Vuai akavikoroga vivyo hivyo, idadi ile ile, saa zile zile. Vinne havikuguswa. Alasiri vile visivyoguswa vilikuwa vimefurika, na vinane vimelala kabisa.

"Alhamdulillahi," akasema Vuai. "Maulana hana jicho baya. Vyangu navyo vimelala. Ubaya uko katika upawa."

Sultani akafurahi sana, akawa anacheka, mpaka Kadhi, mzee mwenye kumbukumbu nzuri kupita kiasi, aliporudia maneno ya mbiu tangu mwanzo hata mwisho. Alipofika kwenye "awe nani awaye," kicheko kikamfia Sultani kooni.

Basi Ijumaa baada ya sala watu wa Kitangani wakaona jambo ambalo halikupata kuonekana. Sultani Mwinyi Chande alitoka kwa lango la mashariki, miguu mitupu, chungu kichwani. Nyuma yake alifuata Vuai na chungu chake, maana naye alikuwa ameharibu vinne. Wakasimama nje juani, wakingoja aliyedhulumiwa awasamehe.

Bi Mize alipelekewa habari, akasema anakuja, ila kwanza ana unga jikoni na unga hauharakishwi. Waliosimama nje wakangoja, nyayo zikaungua. Alasiri ikaingia, ndipo alipotokea, sahani mkononi, na mjukuu wake kiunoni. Alikuwa akimtazama mtoto yule usoni kwa macho yote mawili.

"Nimewasamehe nyote wawili, Maulana," akasema. "Naomba ufunguo wa jiko."

Sultani akautoa kiunoni, akampa. Bi Mize akawapa kila mmoja kitumbua cha moto, kinene, chepesi. Sultani akauma, akafumba macho, akacheka kwa nguvu hata chungu kikaanguka kikavunjika. Akamwandikia Vuai chakula cha kila siku katika sinia lake mwenyewe. Vuai akashukuru, akaomba vile vilivyoungua visitupwe, kwa kuwa amevizoea.

Na tangu siku ile, kila adhuhuri mji ukilala, mlango wa jiko la Sultani ulisikika ukibishwa hodi kwa upole, mara tano, na siku za wageni mara tisa. Bi Mize alikuwamo ndani, mjukuu wake amempakata, wala hakuitikia.