Leso ya Sultani Jabu

Hapo zamani, tena zamani hasa, bibi za bibi zetu wakiwa bado wanabebwa mgongoni, palikuwa na mji uitwao Shungwi, na sultani wake akiitwa Jabu. Sultani Jabu hakupenda vita wala kuwinda. Alichopenda ni maigizo. Akila ni maigizo, akioga ni maigizo, na hata akinyolewa ndevu alimtaka kinyozi wake amwigize kinyozi wa mji wa pili. Basi kila mwaka, mavuno yakiisha, wachezaji wa nchi nzima walikusanyika uwanjani mbele ya jumba lake, kila mtu na kisa chake, na aliyecheza vizuri kuliko wote alivishwa joho la hariri lenye nyuzi za dhahabu. Mwenye joho hakuwasha moto jikoni kwake mwaka mzima, kwa jinsi alivyoalikwa.

Lakini nani alijua aliyecheza vizuri ni yupi? Hapo ndipo palipokuwa na kituko. Sultani alikuwa na leso nyeupe, akiiweka katika mkono wa kanzu. Mchezo ukimwingia moyoni aliitoa akafuta macho. Na leso ikitoka tu, wazee wa baraza, wakiongozwa na Waziri Badi, walilia naye papo hapo, baragumu likapigwa, na yeyote aliyekuwa uwanjani saa ile ndiye mshindi. Baada ya hapo hachezi mtu tena.

Wachezaji nao si wajinga. Waligundua kwamba leso hutoka mtu akifa. Ikawa basi ni kufa tu. Watu walikufa kwa kikohozi, kwa nyoka, kwa mapenzi, na mmoja alikufa kwa wivu akachukua muda mrefu mpaka watazamaji wakaenda kula wakarudi, wakamkuta bado anaaga. Mwaka mmoja walikufa kumi na wanane kabla ya adhuhuri. Mwingine alijinyima chakula siku arobaini ili akonde, akapewa joho, watu wakasema, "Jamani, mbavu zake zinajua kucheza." Mzee mmoja alipewa kwa sababu alikoseshwa miaka tisa, na mwaka aliopewa alikuwa amesahau maneno yote. Na wako waliopeleka sahani za halua kwa wazee wa baraza juma moja kabla. Si rushwa, hasha, ni kujuliana hali tu.

Sasa katika mji ule alikuwapo mwanamke mmoja, Kazija, mke wa Ngwali mtandika mikeka. Kazija hakufa hata siku moja. Yeye aliigiza mama wa watu: anatwanga, anapepeta mchele, anamngoja mtu ambaye hajarudi. Mwaka fulani alikuwa uwanjani anatwanga, na bibi mmoja mtazamaji akainuka mkekani, akamwendea, akampokea mchi, akamwambia, "Pumzika, mwanangu, nami nishike kidogo." Akatwanga mpaka kisa kikaisha, akarudi kukaa, hana habari kwamba ameigiza. Lakini leso haikutoka. Waziri Badi alisema, "Yule haigizi chochote. Yule anatwanga."

Na Ngwali mumewe alikuwa maskini wa kofia yenye matundu. Kazi yake ilikuwa kutandika mikeka ya watazamaji, kisha kukaa mbele yao, amewapa mgongo wachezaji, akichunga mtu asipande na viatu. Kwa hiyo miaka kumi na miwili hakuona mchezo hata mmoja. Alichoona ni nyuso za watu.

Basi mwaka ule wa kisa chetu, Kazija alikuwa amesimama kando na kinu chake akingoja zamu. Uwanjani palikuwa na ng'ombe, yaani wanaume wawili ndani ya ngozi moja, na mmoja wao, Faki, alikuwa miguu ya nyuma. Ghafla mdudu akamwingia Sultani katika jicho la kulia. Leso ikatoka. Baraza zima likaangua kilio, Waziri Badi akajipiga kifua, baragumu likalia. Sultani alipomaliza kufikicha jicho akaona watu wanalia kwa uchungu, akaogopa kuuliza. Wazee wakashauriana katika ng'ombe yule apewe nani, wakakubaliana apewe miguu ya nyuma, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikisogea. Faki akatolewa ngozini jasho linamtiririka, akavishwa joho, akauliza, "Nimefanya nini, jamani?" Na Kazija akajitwika kinu chake akarudi nyumbani.

Kesho yake Ngwali akakaa na wenzake penye kahawa, nao hawana mazungumzo mengine. Ngwali akasema, "Kama leso ndiyo hakimu, joho ni haki ya mdudu. Ndiye aliyefanya kazi."

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Na aliyecheka kuliko wote ndiye aliyekwenda kumwambia Waziri. Kabla ya adhuhuri askari wawili wakamchukua Ngwali mpaka mbele ya Sultani.

Sultani akamwambia, "Ewe Ngwali, nimesikia wewe ni mjuzi wa maigizo."

Ngwali akajibu, "Maulana, mimi ni mjuzi wa mikeka."

"Basi mjuzi wa mikeka, niambie, mchezaji aliye bora ni yupi?"

"Ni yule anayecheza mbele yako nawe usijue kama anacheza."

Waziri Badi akamwinamia Sultani sikioni, akanong'ona kitambo, na Sultani akatabasamu. Akasema, "Vema. Ijumaa nitakuwa hapa na baraza langu. Niletee mchezaji wa namna hiyo, acheze ukumbini humu mbele ya macho yangu, nisijue kama anacheza, kisha nijue. Nikimtambua mapema, umeshindwa. Nisipomtambua kabisa, hukumleta, umeshindwa vilevile. Na ukishindwa, utahama mji huu, na mkeo hatakanyaga uwanja wangu tena, hata kwa kuufagia."

Ngwali akarudi nyumbani, akamkuta Kazija anachagua mchele. Kazija hakuinua uso. Akamwambia, "Nimeshasikia. Mji mzima umepita hapa kunipa pole. Ulimi wako ningeukata zamani, basi tu nimezoea kelele."

"Nisamehe, mke wangu."

"Mimi joho silitaki, nchi yenyewe hii haina baridi. Na kuhama nitahama, mikeka hukunjwa. Lakini uwanja, Ngwali." Akaokota punje moja mbovu, akaitupa. "Nikikatazwa uwanja, nitakuwa natwanga kweli maisha yangu yote."

Kazija akamtazama, akaona mumewe hana uso wa mtu aliyeshindwa. Akamuuliza, "Na huyo mchezaji utamtoa wapi?"

"Simtoi popote. Nimekaa namtazama miaka kumi na miwili."

Ijumaa ikafika. Ukumbi ukajaa, wazee wa baraza juu ya mito yao, Waziri Badi karibu na Sultani, na Kazija akaruhusiwa kusimama mlangoni na mtandio wake. Ngwali akaingia mikono mitupu.

Sultani akasema, "Yuko wapi mtu wako?"

"Ameshaanza, maulana. Tena si mmoja."

Sultani akageuza shingo huku na huku. Akaamuru pazia lifunuliwe: hapana mtu. Akamkazia macho mpepea upepo, maskini mpaka akaangusha pepeo. Mwisho akasema, "Mimi simwoni anayecheza."

"Alhamdulillahi," akasema Ngwali, "nusu ya kazi imekwisha. Sasa nipe ruhusa ninong'one nawe, kama Waziri alivyonong'ona."

Akapewa ruhusa, akanong'ona. Sultani akakunja uso, akasema, "Hicho tu?" Ngwali akajibu, "Hicho tu, na utabasamu kidogo mwishoni."

Basi Sultani akasimama, akajikohoza kama afanyavyo kila Ijumaa anapotaka kuwasimulia kile kisa chake cha punda na kadhi, akasema, "Palikuwa na mbuzi. Mbuzi akala majani. Kisha akalala."

Akaketi. Akatabasamu.

Ukumbi ukanyamaza kiasi cha mtu kumeza mate. Wazee wakamtazama Waziri, Waziri akamtazama Sultani mdomoni, akaliona lile tabasamu, akaachia kicheko kilichomwangusha kutoka juu ya mto wake. Baraza lote likamfuata. Mtunza hazina akauma kilemba. Amiri wa askari akapiga sakafu kwa viganja akilia, "Akalala, maulana, eti akalala, leo utatuua." Mmoja mgeni kwenye baraza akamuuliza jirani yake, "Alilala wapi?" akapigwa teke, naye akacheka.

Ngwali akanong'ona tena. Sultani akaingiza vidole katika mkono wa kanzu, akatoa leso.

Kicheko kikakatika kama uzi. "Masikini mbuzi wa watu," akasema Waziri Badi kwa sauti ya kupasuka, machozi yale yale ya kicheko yakimteremka shavuni. Wote wakalia. Amiri akasema mbuzi yule angekuwa na watoto wangebaki na nani. Sultani akairudisha leso: wakacheka. Akaitoa: wakalia. Akaichungulisha ncha tu, na nusu ya baraza ikacheka na nusu ikalia, Waziri akifanya yote mawili kwa uso mmoja, jicho moja huku na jicho moja huku.

Sultani akaitupa leso chini. Hapo wasijue la kufanya, wakabaki midomo wazi.

Ngwali akasema, "Maulana, hao ndio wachezaji wangu. Wanacheza humu mbele ya macho yako miaka yote hii, nawe hukujua. Sasa wajua. Nimewaleta."

Sultani Jabu akawatazama mmoja mmoja. Kisha akamgeukia Waziri kwa sauti ndogo, "Badi, na kile kisa changu cha punda na kadhi?"

"Maulana, kile," akasema Waziri, akajifuta, "kile kina urefu wake."

Watu wakaona bega la Sultani linatikisika, wakadhani hasira, kumbe kicheko kimempata. Akacheka mpaka akashika nguzo, na peke yake, maana baraza lilikuwa halijajua kama inafaa kucheka. Alipopata pumzi akasema, "Basi Ngwali, joho ni la Badi?"

"Kwa haki ni lake, maulana. Hajasahau maneno yake hata siku moja."

Lakini kicheko kikamwisha Sultani, akasema kama mtu anayejisemea, "Na hao wote niliowavisha, niliwavisha kwa nini? Nililia mimi, wakalia wao, nikadhani nimeona sawasawa. Nitamjuaje anayestahili?"

Ngwali akamwambia, "Mimi nina mkeka mmoja wa nyuma kabisa, nitautundikia pazia lenye upenyo. Kaa hapo watu wasikuone uso. Leso acha nyumbani."

Ikawa juma la pili mashindano yakarudiwa. Faki alilileta joho mwenyewe, amelifua, akisema limemnyima usingizi. Sultani akakaa nyuma ya pazia, amevua makubadhi kama kila mtu, na baraza likakaa mbele bila uso wa kutazama. Lo, siku ile ilikuwa tabu. Mtu akafa uwanjani kwa kikohozi, Waziri Badi akabahatisha kucheka, amiri akabahatisha kulia, kisha wakabadilishana. Mtu akaleta kigoda tu ili mwenzake aje akalie, wazee wakampigia makofi kwa tahadhari. Kufikia alasiri walikuwa wamechoka kuliko wachezaji.

Ndipo akaingia Kazija. Akaweka chungu juu ya mafiga, akapuliza moto ambao haukuwapo, na watu wa mbele wakasogea kukwepa moshi. Akafunua, akaonja, akaongeza chumvi. Akatazama njiani, mkono juu ya macho. Ngwali, aliyekuwa akichunga mikeka yake, akaona nyuso zote zimebadilika kwa pamoja, hata ya Badi, na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake. Akasahau mikeka. Akageuka, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, akamwona mkewe akicheza.

Kazija akaita, si kwa kupaza sana, kama mtu aliyekwisha kuita, "Wewe. Chakula kinapoa. Nikuite mara ngapi?"

Na kutoka nyuma ya pazia sauti ikaitika, "Naja, mama."

Ikasikika miguu inatafuta makubadhi. Pazia likafunguka, akatoka Sultani Jabu, kubadhi moja mguuni na jingine mkononi, anakwenda mbio uwanjani. Alipofika katikati ndipo akawaona watu. Mamake alikuwa amekufa yeye akiwa na miaka saba. Akasimama, akapapasa mkono wa kanzu, hakuna leso, akajifuta kwa kiganja.

Baraza likangoja. Hakuna aliyethubutu kulia wala kucheka.

Kazija hakutoka katika kisa chake hata kwa kope. Akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu mtupu, akamwambia, "Nawa mikono kwanza."

Sultani akachuchumaa, akanyoosha mikono, Kazija akammiminia maji yasiyokuwapo, akanawa mpaka kwenye viwiko. Kisha akapakuliwa, akala, akamaliza, akalamba vidole, na kisa kikaisha. Ndipo alipoinuka akamvisha joho kwa mikono yake mwenyewe. Baragumu halikupigwa, maana mpigaji alikuwa amekaa chini, ameshika tama, anamkumbuka mamake.

Ngwali akapewa kofia mpya na mahali pa kukaa penye kutazama uwanja, na mikeka akachunga mwingine. Waziri Badi alibaki na uwaziri wake. Sultani alisema mchezaji kama yule hafukuzwi. Ila kile kisa cha punda na kadhi hakikusimuliwa tena Shungwi, na wanaojua wanasema baraza zima lilipona maumivu ya mbavu.

Hekaya yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imeingia ndani. Aliyecheka amecheka, na aliyemtazama jirani yake kwanza, tumemwona.