Nguchiro na Mayai ya Bi Kwale

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliikuta imeshapita, wanyama walikuwa na nyumba, meko na mikeka kama sisi. Sogeeni karibu. Nawe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, hadithi hii si ya kuchekea.

Juu ya kilima kimoja palikuwa na nyumba ya wafuasi wa Buddha. Buddha ni mwalimu wa zamani aliyefundisha watu wasiue, wasiibe wala wasiseme uongo. Mkuu wa nyumba alikuwa Tembo, mpole kupita kiasi. Walikuwamo pia Kiboko, Nyati, na Nungunungu, ambaye alikuwa ameyahifadhi mafundisho yote kichwani. Kwa kuwa humo hakuna aliyeua, Bi Kwale alitaga mayai yake uani, karibu na mlango wa Nungunungu, wakawa majirani wa kuombana chumvi.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mtu akileta neno barazani, Tembo huuliza, "Ndugu zangu, mnakubali?" Wakinyamaza, wamekubali. Asiyekubali ndiye anayesema.

Siku moja akaja mgeni, Nguchiro, mdogo, mwepesi, macho yake huku na huku. Alipopita uani akaviona vile viyai, mate yakamjaa kinywani. Akayameza, akaenda kumsalimia Tembo kwa adabu zote.

"Nyumba yenu ina amani," Nguchiro aliwaambia barazani. "Ila kwetu nilikotoka tuna amani zaidi. Buddha alituagiza maneno ya upole, au siyo?"

"Ndiyo," alisema Tembo.

"Basi anayempinga mwenzake mbele ya watu ana upole gani? Huyo ana hasira. Sisi humtoa nje ya lango kwanza akatulie."

Nungunungu alijua fundisho lilivyo: maneno yawe ya kweli, na yawe ya upole. Huyu mgeni alikuwa ameuchukua upole, ukweli akauacha. Lakini mgeni ni mgeni, na jambo lenyewe Nungunungu aliliona dogo. Tembo akauliza kama wanakubali. Kimya, jii. Likapita.

Kesho yake Nguchiro akasimama tena.

"Ndugu zangu, Buddha alisema yai si kiumbe. Halina pumzi, halina macho. Anayekula yai hajaua."

Nungunungu aliyapekua mafundisho yote kichwani. Hakuna siku Buddha alisema hivyo.

Bi Kwale, ambaye naye huja barazani kusikiliza, aliinuka akapiga mbawa. "Huo ni uongo. Mwalimu hakusema hivyo. Wanangu wanagonga ndani ya maganda, nawasikia."

"Mnamwona?" alisema Nguchiro kwa huruma. "Hasira hiyo. Tena kang'ang'ania vitu vya dunia. Dada yangu, toka ukatulie."

"Ndugu Nungunungu," Bi Kwale alimgeukia jirani yake, "wewe umehifadhi yote. Waambie."

Nungunungu akafungua mdomo. Akamwona Kiboko anatazama chini, na Nyati anatafuna na kinywani hana kitu. Akawaza kwamba akisema ataitwa mkorofi, naye miaka yote amesifiwa kwa utulivu. Akaufunga mdomo. Bi Kwale alimtazama yeye tu mpaka alipotolewa langoni.

"Mnakubali?" aliuliza Tembo, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

Jii.

Nguchiro akatoka kwenda uani, nyatu nyatu, bila hata haraka. Kachu. Kachu. Wote walisikia. Bi Kwale naye alisikia kule nje, akalia kilio ambacho Nungunungu angetoa miiba yake yote asikisikie.

Hapo ndipo mdomo wa Nungunungu ulipofunguka. "Buddha hakusema hivyo," alisema. "Nilijua tangu mwanzo."

"Hata mimi nilijua," alisema Kiboko.

"Na mimi," alisema Nyati.

Tembo alikuwa analia. "Mimi pia nilijua. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme, nimuunge mkono."

"Mmoja alisema," alijibu Nungunungu.

Nguchiro akarudi akijifuta mdomo, akawashukuru kwa ukarimu, akaenda zake. Waliokuwa na uzito wa kumkanyaga, wote, walimpisha njia.

Nungunungu alikimbilia langoni kuomba msamaha. Bi Kwale alikuwa ameshaondoka. Akarudi uani akaketi karibu na maganda, akayakariri mafundisho yote aliyoyajua, neno kwa neno bila kukosea, na hayakumfaa kitu.

Basi wanangu, uongo ukisemwa mbele yenu ukanusheni palepale, kwa upole mkiweza, maana aliyenyamaza naye aliyala yale mayai.