Majeruhi Bora wa Ilundo

Aliyefunzwa kubebwa, kubeba hakujui. Mmeisikia kwa mama zenu, mkaja kuniuliza imetoka wapi, na wawili wenu bado mnacheka. Haya, chekeni. Ilizaliwa hapa hapa Ilundo, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Tulinagwe, mwenyekiti wa chama cha kina mama wa huduma ya kwanza. Kila mwaka kabla ya masika, wanajeshi wa kambi ya ng'ambo ya Mto Lusungu walikuja kufanya mazoezi ya uokoaji na chama chake, ili mafuriko yakija jeshi na raia wafanye kazi bega kwa bega. Ndivyo barua ya kambi ilivyosema. Kwenye mazoezi yenyewe, wanajeshi walikuwa waokoaji, raia wakawa majeruhi.

Mwaka wa kwanza Tulinagwe aliomba kina mama nao washike kamba. Kapteni Msuha, kijana mwenye adabu zake, akamwambia, "Mama yangu, utachubuka mikono bure. Wewe lala hapo, umevunjika mguu."

Akalala. Na tuseme kweli, alipenda! Mwanamke aliyebeba kuni na maji tangu utotoni, leo anabebwa na vijana wanne kwenye machela. Aliugua kwa ustadi mpaka akapigiwa makofi. Mwaka wa pili hakuiulizia kamba. Mwaka wa tatu akapewa cheti cha majeruhi bora, na mumewe, Ambakisye, akamtania wiki nzima.

Masika hayo mto ulifurika asubuhi, ukabeba daraja. Ambakisye alikuwa bondeni akifungua ng'ombe. Maji yakamzunguka, akakumbatia mparachichi. Kamba ya jeshi ilikuwa stoo ya kijiji, nailoni mpya kabisa. Tulinagwe akapiga simu kambini.

"Daraja limekwenda, mama, hatuwezi kuvuka," alisema Kapteni. "Fungeni lile fundo la kifuani, mrushieni ajivike, kisha mvuteni. Si tumelifanya nanyi miaka mitatu?"

"Afande, hamkutufundisha kulifunga. Mlitufunga nalo."

Kapteni akaanza kueleza: pitisha hapa, rudisha kule. Tulinagwe akajaribu, likafumuka. Wanawake kumi na wawili walisimama pale, kila mmoja akikumbuka fundo lilivyombana kifuani, asiwepo hata mmoja anayejua linavyofungwa. Mti ukaanza kung'oka. Basi akafunga fundo analolijua, la kufungia ng'ombe, wakarusha kamba. Ambakisye akajivika, akauachia mti, wakavuta.

Fundo likateleza kwenye nailoni. Kamba ikarudi mikononi mwao nyepesi, na mto ukaondoka naye.

Wanajeshi walifika siku ya pili, wakizungukia milimani. Walitafuta siku nne, hawakupata hata shati. Kapteni Msuha akaja msibani, msiba usio na kaburi, akachuchumaa mbele ya mjane.

"Mama yangu, tumekosa. Mwakani tutawafundisha kila kitu."

"Mwakani?" Tulinagwe alimtazama. "Mwakani nitamwokoa nani, mwanangu? Niliyekuwa naye ndiye huyo."

"Kosa ni letu, mama."

"Ni letu sote. Ninyi mlipenda kubeba, nami nikapenda kubebwa. Mume wangu alinitegemea mimi, akauachia mti kwa sababu yangu." Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, na waliokuwa karibu wakasikia alichokisema mwisho: "Aliyefunzwa kubebwa, kubeba hakujui."