Kobe Aliyekataa Kupita

Mkataa njia ana alichokiona. Mmeusikia msemo huu kwa mafundi, mkadhani ni wa wahenga wa kale. La, wanangu. Methali hii ilianza hivi, kwa roboti, katika shule moja ya sekondari kule Tukuyu kwenye ukungu.

Sekela alikuwa nahodha wa timu ya roboti. Roboti yao waliiita Kobe, na ilikuwa na jicho la kupimia vizuizi. Siku moja kabla ya mashindano ya kanda, Kobe akaanza ukaidi. Kila alipofika katikati ya karakana alisimama, na mbele yake ni sakafu tupu. Sekela alilitaka kombe lile kuliko chakula, na roboti inayosimama ovyo haishindi. Akamwagiza mdogo wake, Ambokile, achomoe waya wa jicho. Asiyeona hana cha kuogopa, alisema.

Waya ukachomolewa. Kobe akaenda mpaka palepale, akasimama. Kisha akarudi nyuma taratibu, na hakuna aliyebonyeza kitu. Nywele zilimsisimka Sekela, lakini aibu ya kushindwa iliuzidi woga wake.

“Pita mbele umvute,” akamwamuru Ambokile.

“Dada, mimi hapa sipapendi.”

“Mvute, tunachelewa.”

Ambokile akapita. Sakafu ikadidimia chini yake, wenzake wakamdaka kwapani. Palikuwa na shimo la zamani lililozibwa kwa saruji nyembamba, na vipande vilivyoanguka humo hawakuvisikia vikifika chini. Sekela alimkumbatia mdogo wake akilia, maana ni amri yake iliyompeleka pale.

Kesho yake ukumbini, Kobe akiwa na jicho lake, aliwaacha wote nyuma. Karibu na mstari wa mwisho akasimama. Mbele yake palikuwa peupe. Watu wakacheka. Mwamuzi akamkumbusha Sekela kwamba kanuni zinamruhusu kumsukuma, na kombe ni lake. Sekela aliitazama sakafu ile kwa muda, kisha akamnyanyua Kobe, akampakata.

“Mkataa njia ana alichokiona,” akasema, akatoka naye.

Kombe likaenda kwa wengine. Baadaye ukumbi ule ulibomolewa sakafu, pakachimbwa, hakikuonekana kitu. Hata hivyo wafagizi wa pale hupazunguka mahali pale mpaka leo, na tangu pafukiwe, vumbi la hapo halijaguswa. Ukiwauliza wameona nini, watakwambia wao hawajaona chochote. Ila mkataa njia ana alichokiona.